Je, Kinywaji Hiki Kina Nafaka Gani?

Leo sitaandika habari za mbolea, wala za kupanda mahindi kwa mistari. Leo nataka tuzungumze juu ya vinywaji: soda, maji ya matunda, togwa na vinywaji vya kimea. Labda utasema, "Bwana Shamba ameacha jembe, sasa anauza soda." Sivyo. Habari hii inahusu nafaka, na nafaka ndiyo kazi yangu.

Katika ukoo wetu yupo mtoto asiyeweza kula ngano. Ni binti wa dada yangu. Ana umri wa miaka 9. Si kwamba hapendi ngano. Chapati anazipenda sana. Lakini akila chapati, andazi au mkate, hata kipande kidogo, anaumwa. Ugonjwa wake unaitwa siliaki. Watu wengi vijijini hawajausikia.

Kwanza nitakueleza ugonjwa huu ni nini. Kisha nitakueleza jinsi nilivyotafuta vinywaji ambavyo mtoto huyu anaweza kunywa bila hofu.

SILIAKI NI UGONJWA GANI?

Chakula tunachokula hupita tumboni, kisha huingia katika utumbo mwembamba. Ndani ya utumbo huo kuna vinyama vidogo sana. Vimesimama kama nyuzi za taulo. Kazi yake ni kufyonza chakula na kukiingiza katika damu.

Ngano na shayiri zina kitu kinachoitwa gluteni. Iko pia katika rai, nafaka inayolimwa sana katika nchi za baridi. Gluteni ni aina ya protini. Ndiyo inayofanya unga wa ngano uliokandwa unate na kuvutika. Watu wengi hula gluteni bila madhara yoyote. Lakini mwili wa mtu mwenye siliaki huiona gluteni kama adui. Mwili hupigana nayo, na katika vita hivyo huumiza utumbo wake wenyewe. Zile nyuzi hulala na kuisha. Chakula kinapita, lakini hakifyonzwi. Ni kama mvua inyeshayo juu ya ardhi ngumu. Maji yapo, lakini mizizi haiyapati.

Mtoto mwenye siliaki huharisha mara kwa mara. Tumbo lake hujaa gesi na kuvimba. Hukonda, na hakui kama wenzake. Damu yake hupungua. Wengine hawaharishi, bali huchoka tu na kupungukiwa damu.

Dalili hizi hufanana na dalili za minyoo, za utapiamlo na za maradhi mengine. Kwa hiyo mtu asikae nyumbani akaamua mwenyewe kwamba hii ni siliaki. Hospitali hupima damu. Mara nyingi huchukua pia kipande kidogo cha utumbo, wakakitazama kwa darubini. Tena sikiliza neno hili: usimwachishe mtoto ngano kabla hajapimwa. Ukimwachisha, vipimo vinaweza kuonyesha kwamba hana ugonjwa, kumbe anao.

Siliaki haiambukizi. Wala mtoto hajarogwa. Ni ugonjwa unaofuata ukoo. Kama mtu ana mzazi, ndugu au mtoto mwenye siliaki, yeye naye yuko katika hatari kuliko wengine. Inafaa apimwe.

Hakuna dawa ya kuuponya ugonjwa huu. Tiba yake ni moja tu: kuacha gluteni maisha yote. Mgonjwa akiiacha kabisa, utumbo hupona polepole.

UGONJWA HUU HAUCHAGUI NCHI

Zamani madaktari hawakujua kwamba chanzo ni ngano. Aliyegundua jambo hilo ni daktari wa watoto wa nchi ya Uholanzi, Willem Dicke. Alianza kuitilia ngano shaka miaka ya 1930. Kisha, mwaka 1944 na 1945, mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, njaa kali iliingia Uholanzi. Mkate ulikuwa haba sana. Daktari huyo aliona ajabu. Watoto wenye siliaki walipata nafuu wakati wa uhaba wa mkate. Mkate uliporudi, waliumwa tena. Mwaka 1950 aliandika matokeo ya kazi yake, na madaktari wa nchi nyingine wakafuata.

Usidhani kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Mwaka 1999 madaktari walitangaza matokeo ya kuwapima watoto wa Wasaharawi, watu wa Sahara Magharibi, hapa hapa Afrika. Karibu watoto 6 katika kila 100 walikuwa na siliaki. Wasaharawi hula ngano kwa wingi. Duniani kwa jumla, hukadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila 100 anao ugonjwa huu, na wengi hawajijui.

CHAKULA KILIKUWA RAHISI, KINYWAJI KIKAWA KIGUMU

Mpwa wangu alipopimwa katika hospitali kubwa, daktari alimwambia mama yake hivi: "Asile ngano, shayiri wala rai." Dada yangu alirudi kijijini na maneno hayo.

Upande wa chakula hakupata shida kubwa. Ardhi ya Ufipa inatupa vyakula vingi visivyo na gluteni. Tuna mahindi, ulezi, maharage, viazi na mihogo. Mchele tunaupata kutoka bonde la Ziwa Rukwa. Samaki tunawapata kutoka Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Dada yangu hakulazimika kununua chakula cha namna ya pekee. Aliondoa tu chapati, maandazi, mkate, tambi na biskuti. Baada ya miezi michache mtoto alianza kunenepa. Akaweza kukimbia na wenzake.

Kisha ikaja harusi ya jirani. Watoto wote waligawiwa vinywaji. Mama mmoja mwenye moyo mwema alimpa mpwa wangu chupa ndogo ya kinywaji cha rangi ya kahawia. Akamwambia, "Kunywa, mwanangu. Hiki hakina kilevi, tena kinaongeza damu."

Mtoto alikuwa amefundishwa kukataa andazi. Hakufundishwa kukataa chupa. Usiku ule aliharisha. Akalala siku mbili, shule hakwenda.

Dada yangu alikuja kwangu amechoka. Akasema, "Kaka, wewe ni mtu wa nafaka. Niambie, mtoto huyu anywe nini? Nimeuza ng'ombe wawili ili apimwe. Sasa nimfungie ndani kila penye sherehe?"

Swali lile lilikuwa la haki. Mtoto hawezi kuishi mbali na watu. Nikamwambia anipe siku chache nikatazame.

NILIVYOSOMA CHUPA DUKANI

Nilichukua daftari na kalamu, nikaenda mjini Sumbawanga. Nilipita duka hadi duka, sokoni na karibu na stendi. Niliwaomba wenye maduka ruhusa, nikageuza kila chupa na kila kopo. Nyuma au ubavuni kuna maandishi madogo. Hayo ndiyo yanayotaja vitu vilivyomo. Kwa kawaida kitu kilicho kingi kuliko vyote hutajwa kwanza. Niliandika yote, kisha nikagawa vinywaji katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni soda za kawaida: za kola, za machungwa, za nanasi, za limau na za tangawizi. Soda hizi hutengenezwa kwa maji, sukari, gesi, asidi, ladha na rangi. Hazina nafaka ya ngano wala shayiri. Sukari ya Tanzania hutokana na miwa, kama ile ya Kilombero, Mtibwa, Kagera na TPC kule Moshi. Muwa hauna gluteni. Gesi inayotoa povu haina gluteni. Wako watu wanaoogopa rangi ya kahawia ya soda ya kola. Rangi hiyo ni karameli, yaani sukari iliyounguzwa.

Basi mwenye siliaki anaweza kunywa soda za namna hii. Lakini asifikiri kwamba soda ni chakula. Chupa moja ya soda ya kola ya mililita 300 inaweza kuwa na sukari kiasi cha vijiko 8 vya chai. Ni kinywaji cha siku ya furaha, si cha kila siku.

Kundi la pili ni vinywaji vya kimea vya kiwandani. Hapa ndipo penye hatari. Vinywaji hivi hukaa rafu moja na soda. Vina povu kama soda. Vimeandikwa kwamba havina kilevi, na ni kweli. Lakini vimetengenezwa kwa shayiri iliyooteshwa. Kilevi hakimo, gluteni imo. Chupa aliyopewa mpwa wangu ilikuwa ya kundi hili.

Vingine vimechorwa nanasi au tufaha. Mtu huona tunda, akadhani ni soda ya matunda. Lakini ukisoma maandishi madogo unakuta kimea. Kwa hiyo usitazame picha. Soma maneno.

Katika kundi hili weka pia unga wa kuchanganya na maziwa au maji moto, kama Milo na Ovaltine. Kimea cha shayiri kimo ndani yake. Bia za kawaida nazo hutengenezwa kwa shayiri. Mtu mzima mwenye siliaki ajue hivyo.

Kundi la tatu ni maji ya matunda, chai, kahawa na maziwa. Maji ya machungwa, ya maembe, ya ukwaju au ya pasheni hayana gluteni, ikiwa hayakuchanganywa na kitu kingine. Chai na kahawa safi hazina. Maziwa pia hayana. Lakini mgonjwa ambaye utumbo wake haujapona anaweza kusumbuliwa na maziwa kwa muda. Akiona hivyo, amuulize daktari. Maji safi yaliyochemshwa hayana shida kwa yeyote.

TOGWA YETU JE?

Nilipomsomea dada yangu daftari langu, alishtuka. Akasema, "Kumbe kimea ndicho kinachomuumiza! Na togwa ninayompa kila wiki ina kimea. Nitaimwaga yote."

Nikamwambia, "Usimwage. Kwanza tuulize ni kimea cha nafaka gani."

Ndugu msomaji, shika jambo hili, maana ndilo kubwa katika habari yangu. Kimea si jina la nafaka. Kimea ni nafaka yoyote iliyooteshwa, ikakaushwa, ikasagwa. Shayiri huwa kimea. Ulezi huwa kimea. Mtama na mahindi vilevile. Kuotesha nafaka hakuleti gluteni mahali ambapo haikuwapo. Tena kuotesha hakuiondoi gluteni mahali ilipokuwa. Kimea cha shayiri kina gluteni, kwa sababu shayiri inayo. Kimea cha ulezi hakina gluteni, kwa sababu ulezi hauna.

Unajua jinsi togwa inavyotengenezwa. Ulezi hulowekwa, hufunikwa siku mbili au tatu hadi uote. Kisha huanikwa juani na kusagwa. Uji wa mahindi au wa ulezi hupikwa, ukaachwa upoe hadi uwe vuguvugu. Ndipo unga wa kimea hutiwa. Kimea hulainisha uji na kuugeuza kuwa mtamu. Katika kazi yote hiyo hakuna ngano wala shayiri.

Basi togwa ya ulezi na mahindi ni salama kwa mpwa wangu, tena humpa chakula kuliko soda. Lakini kuna mambo matatu ya kuangalia.

Jambo la kwanza ni ulezi wenyewe. Hapa Ufipa wako wakulima wanaolima pia ngano. Gunia au turubai lililokuwa na ngano linaweza kuacha punje. Tumia gunia safi. Pepeta ulezi, chagua punje ngeni, uoshe.

Jambo la pili ni mashine ya kusaga. Ikiwa mtu amesaga ngano kabla yako, unga wake umebaki ndani ya mashine. Unga huo utatoka pamoja na wako. Mwombe mwenye mashine akusagie baada ya kuisafisha. Kisha saga kwanza mahindi kidogo, na unga wa kwanza utoe uliwe na watu wasio na ugonjwa. Dada yangu ameamua kusaga kimea nyumbani kwa jiwe. Ni kidogo, hakimchoshi.

Jambo la tatu ni unga lishe. Akina mama wengi huchanganya mahindi, mchele, ulezi, soya na karanga ili kuwapikia watoto uji. Ni jambo jema. Lakini wengine huongeza ngano ndani yake. Kwa mwenye siliaki, uji au togwa ya unga huo ni hatari. Ukiununua, uliza nafaka zote zilizomo. Kama muuzaji hajui, usinunue kwa ajili ya mgonjwa.

Kisha kuna kikombe. Mtoto mmoja akichovya andazi katika chai, makombo hubaki. Mwenye siliaki asinywe kikombe hicho mpaka kioshwe. Asinywe pia chupa moja na mwenzake anayekula mkate.

MANENO YA KUTAFUTA

Dada yangu hakusoma shule alipokuwa mtoto. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa la jioni. Aliniambia, "Kaka, chupa nyingi zimeandikwa Kiingereza. Mimi Kiingereza sijui."

Nikamjibu, "Hujui Kiingereza, lakini herufi unazijua." Tukaandika maneno haya kwa herufi kubwa:

Kwa Kiswahili: NGANO, SHAYIRI, RAI, KIMEA.

Kwa Kiingereza: WHEAT, BARLEY, RYE, MALT.

Neno la kwanza la Kiingereza ni ngano. La pili ni shayiri. La tatu ni rai. La nne ni kimea, na katika vinywaji vya kiwandani kwa kawaida huwa kimea cha shayiri. Ukiliona neno mojawapo kwenye chupa, kopo au pakiti, mwenye siliaki asinywe. Linganisha herufi moja moja. Si lazima ujue kulitamka.

Vinywaji na vyakula vingine vimeandikwa kwamba havina gluteni. Kipimo kinachofuatwa na nchi nyingi ni kwamba gluteni isizidi miligramu 20 katika kilo moja. Maneno hayo husaidia, lakini bidhaa nyingi salama hazina maandishi hayo. Kwa hiyo kusoma vitu vilivyomo ndiyo njia ya kutumia kila siku. Na kama karatasi ya chupa imechanika, au kinywaji kimemiminwa kutoka ndoo na hakuna ajuaye kilichomo, basi mgonjwa akiache.

Dada yangu aliyanakili maneno hayo manane juu ya kipande cha kadibodi. Mtoto hukibeba katika mfuko wake wa shule. Sasa huisoma chupa mwenyewe. Siku moja aliniletea kopo, akaniuliza, "Mjomba, hii nisinywe, siyo? Naona B na A na R." Alikuwa amesoma sawasawa.

KWAKO WEWE MWENYE WAGENI

Sisi watu wa Ufipa tunapenda kumkirimu mgeni. Mgeni akikataa chakula, wengine huona wamedharauliwa. Husema, "Onja kidogo tu, hutakufa." Kwa mwenye siliaki, kidogo huumiza pia. Hata siku asipoharisha, utumbo unaumia ndani kwa ndani. Mtoto akikwambia, "Shikamoo mama, mimi ngano siruhusiwi," mwamini. Mpe soda ya kawaida, au togwa ya ulezi, au maji ya matunda. Mpe wali au ugali na mboga. Hiyo ni heshima kamili.

Walimu nao wajue. Kama shuleni kuna uji, mzazi amweleze mwalimu uji huo unahusu nini mwanawe, na mwalimu aulize unga umetoka wapi.

Mwisho, ndugu msomaji, mtazame mtoto wako na wa jirani yako. Kama anaharisha kwa muda mrefu, hakui, na dawa za minyoo hazikumsaidia, mpelekeni zahanati. Mwelezeni mganga kila anachokula na kila anachokunywa. Msisahau chupa za sherehe. Na jirani yako asiyejua kusoma, msomee habari hii.

Mkikaa katika darasa lenu, jadilianeni maswali haya:

Kimea ni nini? Taja nafaka mbili zinazoweza kuwa kimea.

Kwa nini kinywaji kisicho na kilevi kinaweza kumdhuru mwenye siliaki?

Katika kijiji chenu, mashine ya kusaga husaga ngano? Mtafanya nini ili mgonjwa apate unga safi?